Wiki ya Mazimwi na Koti la Mzee Hamisi

Vijana wangu mnaoingia kazi ya chekechea, na ninyi wazazi wachanga mnaotaka kufundisha watoto wenyewe barazani, sogeeni. Nataka kuwasimulia jambo ambalo nikilikumbuka naweka kikombe cha chai chini kwanza.

Kazi hii niliiingilia mlango wa jikoni. Nilikuwa mpika uji wa chekechea moja hapa Tabora mjini, na uji wangu wa mwanzo ulikuwa mzito hivi kwamba mwiko ukiusimamisha, unaukuta umesimama hivyo hivyo wiki ijayo. Waliojenga matembe ya Kwihara, zile nyumba za udongo za zamani, wangeuonja, wangeacha udongo. Mchana nakoroga sufuria, jioni nakimbilia shule ya watu wazima, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Nikatoka na cheti chenye harufu ya mafuta ya taa. Siku nilipokabidhiwa chaki, watoto walikataa kabisa kubadilisha jina. Wakaniita Mwalimu Uji, na hilo nitazikwa nalo.

Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Anastazia, mama mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti hata nyuki wakiingia darasani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake la kwanza nililipata kwa aibu. Nilivaa gunia lenye manyoya ya katani, nikatokea mlangoni nikanguruma kama simba. Jamani! Darasa lilibaki na mikeka tu. Watoto walitokea madirishani, na wengine naamini walipita katikati ya ukuta. Mmoja tulimkuta stesheni ya reli bado anakimbia, treni iko nyuma yake inajitahidi.

"Uji," akaniuliza Mwalimu Anastazia, "hilo gunia ulilivalia wapi?"

"Nje, Mwalimu, ili wasinione."

"Basi kwao wewe si Uji aliyevaa gunia. Wewe ni simba aliyemla Uji."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Hayo maneno yalikaa kichwani mwangu miaka na miaka kama mbegu kwenye mfuko wa koti kuukuu, yakaja kuota hivi karibuni tu, nikiwa nimeshastaafu, nimekaa zangu mtaa wa Cheyo nafuga kuku wasiotaga.

Ilikuwa hivi. Upepo ulikuja ukang'oa mabati ya chekechea ya jirani. Mimi nasema yaliruka mpaka Urambo, wengine wanasema yaliangukia shamba la mihogo pale nyuma, shauri yao. Shule ikafungwa wiki nzima ili paa litengenezwe. Mwalimu wao, Neema, ni binti niliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu. Akaja kwangu na simu mkononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja na paa au umekuja na njaa?"

"Nimekuja na mazimwi." Akanionyesha picha. Kumbe siku hizi, huko duniani, wazazi wanapanga wiki nzima ya mazimwi nyumbani! Watoto wanahesabu macho ya zimwi, wanafinyanga zimwi, wanapika chakula cha zimwi, wanajifunza rangi kwa mgongo wa zimwi. Nilishangaa mpaka miwani ikashuka yenyewe. Sisi tulikuwa tunatumia zimwi ili mtoto alale. Leo zimwi linatumika ili mtoto aamke!

"Baraza lako kubwa," Neema akasema. "Na watoto wanakupenda."

Mnaona jinsi wanavyowanasa wazee. Nikakubali.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na Neema alilisema kwa sauti ya chini. Ng'ambo ya njia, mkabala na kwangu, anakaa Mwanaidi, fundi cherehani wa sokoni, binti wa marehemu rafiki yangu Mzee Hamisi. Mwanaidi ana mtoto mmoja, Tausi, wa miaka mitano. Tangu babu yake afariki, Tausi hataki shule. Anaamka vizuri, anavaa sare, anabeba kikombe chake, wanaongozana na mama yake wakiimba. Wakifika kona, pale kwenye kibanda cha baiskeli cha Mzee Ndahani, mtoto anakaa chini. Hapo basi. Umbembeleze, umfinye, umbebe, atalia mpaka watu wadhani mnaiba mtoto. Mwanaidi akawa hawezi kwenda sokoni wala kushona, sketi yake ina mtu muda wote. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi, wiki ya paa ikiisha, Tausi apelekwe Choma, upande wa Igunga, kwa bibi yake mzaa baba, akakae na ng'ombe. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango.

"Mwanaidi analia akiliona," Neema akasema. "Mimi nimejiuliza nimemkosea nini huyu mtoto. Labda ananiogopa."

Sote tulidhani shule ndiyo tatizo. Walimu, wazazi, majirani, na mimi mwenye cheti. Hakuna hata mmoja aliyetazama kona.

Sasa nisikilizeni habari za ufundi kidogo, ndipo tuendelee. Zimwi la kufundishia halitaki fedha. Chukua kokwa la embe lililonyonywa likaisha, lianike juani. Litakauka, litasimamisha nywele, litakuwa na sura ya mtu aliyeamshwa ghafla. Hilo tayari ni zimwi, kazi yako ni kulitia macho tu. Vifuniko vya soda ndivyo macho. Mwambie mtoto, "Zimwi lako lina macho matatu, ongeza mawili, yapo mangapi?" Atajumlisha bila kujua kwamba anajumlisha. Udongo wa kichuguu ndio mzuri kwa kufinyanga miguu, haupasuki ovyo. Meno ni punje za mahindi, na weka za akiba, maana kuku watakula meno ya zimwi mchana kweupe. Kuku wangu mmoja alimeza macho pia. Sijui alikuwa anaona nini huko ndani.

La muhimu kuliko yote: usilete zimwi lililokwisha kutengenezwa. Mtoto alitengeneze mwenyewe kuanzia kokwa. Akilitia macho, akalitia meno, anakuwa mkubwa wake. Na akishamaliza muulize maswali matatu: linaitwaje, linakaa wapi, linakula nini. Kaa kimya, sikiliza. Watoto hawatakwambia wanaogopa nini ukiwauliza. Ila zimwi lao litakwambia.

Na lilisema! Jumatatu na Jumanne nilishikwa na mshangao hata kabla ule mkubwa wenyewe haujafika. Nilidhani nitasikia habari za pembe na mikia. Mtoto mmoja, zimwi lake ni sindano ya hospitali. Mwingine, zimwi lake ni ile transfoma ya umeme inayonguruma kwenye nguzo. Mwingine, huyu alinimaliza, zimwi lake linaitwa Mama Mdogo na linakula simu za watu. Nikamwambia Neema, "Hilo jina tusilifikishe nyumbani kwao, vita itazuka Cheyo nzima."

Tausi alikuja siku zote. Tena alikuja mbio! Akavuka njia peke yake, akasalimia, akakaa mkekani, akahesabu macho mpaka vifuniko vikaisha. Neema alimtazama mdomo wazi. "Babu, si huyu anayekataa shule?" Mtoto haogopi mwalimu, haogopi kalamu, haogopi wenzake. Sasa anaogopa nini?

Jumatano ikafika zamu yake. Kokwa lake lilikuwa tofauti na yote. Alikuwa ameomba kitambaa cha kijivu kwenye vipande vya mama yake, akalizungushia. Kisha akamwomba Neema uzi mwekundu, akataka aushone pale kifuani, mahali pa kitufe. Macho aliyaweka mawili tu, kama ya mtu.

"Haya, Tausi. Linaitwaje?"

"Halina jina. Lina koti."

"Linakula nini?"

"Lilishakula."

"Lilikula nini?"

Akalirekebisha koti vizuri, akasema, "Babu."

Watoto wengine waliendelea kuchezea udongo. Mwanaidi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikasikia vikombe vinagongana.

Nikauliza, "Linakaa wapi?"

"Pale kwenye baiskeli. Linavaa koti la babu. Linakohoa kama babu. Babu yumo ndani."

Enyi watu! Nimeona mengi. Nimeona uji ukishika moto. Nimeona mkaguzi wa elimu akikalia kiti chenye gundi. Lakini nilikaa pale mkekani nikahisi dunia imepinduliwa kama sufuria, na mimi ni ukoko.

Maana mimi nilikuwepo. Sote tulikuwepo.

Mzee Ndahani, fundi baiskeli, ni Mgogo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani, wenyeji wakawatoza hongo ili wanywe maji. Hongo ile tunadaiana kwa matusi mpaka leo, na hakuna anayenuna. Na mnajua kazi ya mtani msibani. Siku ile tumetoka kumzika Mzee Hamisi, waombolezaji wamejaa uani, ndipo Ndahani akatokea chumbani amevaa koti la marehemu. Lile la kijivu, lenye kitufe kimoja alichokishona Mwanaidi kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi uliisha. Kavaa kofia ya marehemu, kashika fimbo ya marehemu, anachechemea vile vile, anakohoa kile kikohozi chake cha mara mbili mbili. "Nani kala maandazi yangu? Mnalia nini, mmekunywa chai yangu yote?" Watu tulicheka tukilia, tukalia tukicheka. Shehe mwenyewe aligeukia ukutani mabega yanatikisika. Kwetu ndivyo huzuni inavyofunguliwa dirisha.

Kisha mtani akaondoka na koti, kama desturi. Ndugu wanatakiwa wamfuate, wampe chochote, hata kuku, walikomboe. Hakuna aliyekumbuka. Naye akawa analivaa kibandani kila asubuhi kwa baridi, akingoja tumfuate. Kila siku mtoto anapitishwa pale, anaona koti la babu linaziba pancha.

Mtu mzima anamwona Ndahani aliyevaa koti. Tausi, ambaye hajawahi kuona msiba wala mtani, alimwona zimwi lililomla babu yake. Uani watu wote wanacheka, na yeye anajiuliza kwa nini wanacheka babu akiliwa!

Mwanaidi aliweka sinia chini. "Mwalimu," akasema, "mimi nilimbeba mgongoni siku ile. Nilikuwa nacheka, naye yuko mgongoni."

Nikaenda kwa Ndahani muda ule ule, kandambili moja yangu moja ya Neema. Nilimkuta kapindua baiskeli, anapaka solushani, ile gundi ya pancha, kwenye mpira.

"Mbukwa, mla hongo," nikamsalimia Kigogo kama kawaida.

"Mbukwa, mchukuzi. Nani kakutua mzigo leo?"

Nikamweleza. Sikuweka chumvi hata punje, na wanaonijua wanajua hiyo ni habari ya gazeti. Alivyosikia, brashi ya solushani ilibaki hewani. Kisha akalivua lile koti haraka kama linaungua.

"Mimi? Mimi nimemla Hamisi?" Akakaa chini kwenye mafuta ya mnyororo. "Mchukuzi, mimi siku ile nililia kabla ya ninyi wote. Nililivaa hilo koti ili nisionekane."

Hilo nalo sikulijua. Miaka yote ya utani, sikulijua.

Akaninyooshea koti. "Mpelekee. Mwambie zimwi limehama. Mimi sitakanyaga pale kumtisha mtoto."

Mkono wangu ulikuwa umeshalipokea, vijana wangu. Kisha kichwani nikamsikia Mwalimu Anastazia na gunia langu la simba. Nikalirudisha.

"Nikimpelekea koti tupu," nikasema, "atajua zimwi limevua ngozi, na sasa liko uchi mahali fulani linatafuta nyingine. Njoo mwenyewe, Ijumaa. Njoo na uso wako."

Ijumaa tuliwakusanya watoto barazani, kila mmoja na kokwa lake. Ndahani alikuja amevaa shati jeupe la Jumapili, nywele kachana, koti kalikunja mkononi. Mimi nimeona maharusi wenye wasiwasi kidogo kuliko yeye. Tausi alimwona kutoka mbali, akaingia nyuma ya sketi ya mama yake mpaka ikabaki miguu minne.

Nikamwambia Ndahani asimame mbali, kwenye ngazi, na watoto wote wamwone. "Huyu ni nani?"

"Mzee Ndahani!" wakaitikia. Nusu yao baiskeli za baba zao ziko kwake.

"Vaa mkono mmoja." Akavaa. "Sasa ni nani?"

"Mzee Ndahani!"

"Vaa wa pili, funga kitufe. Sasa?"

Walisita. Hata wale waliochangamka walisita! Nikaona kwa macho yangu pale mahali ambapo mtu anageuka zimwi: ni pale kwenye kitufe. "Fungua," nikasema. Akafungua, wakacheka. Akafunga, akafungua. Kila mtoto akapewa avae, koti likiburuta chini, na kila mmoja tulimwuliza ni nani. Wote wakicheka. Na mimi, kwa mara ya kwanza msibani au shuleni, sikutazama wanaocheka.

Tausi alikuwa ametoka nyuma ya sketi. Akasogea, akasogea, akasimama mbele ya Ndahani.

"Fungua mdomo," akasema.

Ndahani akanitazama. Nikampa ishara. Akapiga magoti, akafungua. Mdomo ule una magego machache na uwanja mkubwa. Tausi akageuka kwa Neema: "Ticha, taa ya simu." Neema akamulika. Mtoto akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akainama akatazama juu.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo, mjukuu wangu," Ndahani akajibu, mdomo bado wazi.

"Yuko wapi?"

Cheti changu, miaka yangu, vyote vilikimbia kama darasa la simba. Ndahani ndiye aliyejibu.

"Babu alikufa. Alikuwa mgonjwa kifuani, akafa. Mimi na Mwalimu Uji na wengine tulimweka ardhini kwa mikono hii, taratibu, tukamfunika. Si mimi niliyemla. Kwanza Mnyamwezi nyama ngumu, ningemtafunia meno gani?"

Mwanaidi alitoa sauti, kicheko na kilio vimeshikana mikono. Tausi alimtazama mama yake, akamtazama Ndahani, akafikiri. Kisha akaulizia jambo lake: "Koti je?"

"Koti linakombolewa. Ndiyo desturi. Unanipa nini?"

Akatazama kokwa lake lenye koti la kijivu na uzi mwekundu. Akalishika muda mrefu. Akampa.

"Hongo imelipwa!" Ndahani akapaza sauti, akavua koti, akamvisha mabegani. "Miaka yote hii, Mnyamwezi wa kwanza mwaminifu!"

Basi la Igunga liliondoka Jumamosi bila Tausi. Begi lilibaki nyuma ya mlango, Mwanaidi hakulifungua. Alisema tungoje Jumatatu.

Jumatatu paa lilikuwa limerudi, na mimi nilijifanya naenda sokoni kununua chumvi, huku nyumbani nina chumvi ya kulamba ng'ombe wote wa Choma. Tulitembea watatu, mimi na Mwanaidi, Tausi kati, koti likifagia njia. Tukafika kona. Kibandani, kwenye usukani wa baiskeli, lile kokwa limening'inizwa kwa waya. Ndahani alituona, akaweka spana chini.

Tausi akasimama. Mwanaidi akanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mbukwa," mtoto akasema. Sijui nani alimfundisha.

"Mbukwa, mtani."

"Fungua mdomo."

Akafungua. Mtoto akachungulia, akaridhika. Ndipo akanigeukia mimi, nywele zimejaa vumbi la njia, kidole kimenyooshwa.

"Na wewe, Mwalimu Uji. Fungua."

Wakaguzi wamenikagua maisha yangu yote, wenye mabegi na wenye magari, na hakuna aliyenikagua hivyo. Nikainama pale barabarani mbele ya wapita njia, nikafungua. Akatazama mpaka nyuma kabisa. Kisha akakusanya koti lake mikononi, akatangulia njia ya shule, na mama yake akalazimika kukimbia ili amfikie.